Yai kwa Mkono Mmoja

Maneno haya niliyasema Jumamosi jioni hapa Chumbageni, Tanga, mbele ya wapenzi wa sinema na vijana wanaoandika tamthilia. Waliokosa kufika wameniomba niyaandike, nami nayaweka yote kama nilivyoyasema.

Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Na kwa wote, habari za jioni, ndugu zangu.

Kwanza niwashukuru wenye nyumba kwa ua huu, kwa mikeka na kwa kahawa. Niwashukuru na ninyi mliotoka Makorora na Mikanjuni kwa baiskeli na mvua yote hii. Mtu anayepanda baiskeli kwenye matope kuja kusikiliza maneno juu ya sinema anastahili kuambiwa maneno ya kweli, basi nami nitajitahidi.

Nimekuja na huzuni. Kuna picha niliyoipenda tangu nina miaka kumi na tatu. Watu wameichukua, wameirudia kwa televisheni, na katika kuirudia wameipoteza. Inaitwa The Ipcress File. Ilitoka Uingereza mwaka 1965, picha ya majasusi, steringi wake Michael Caine. Mwaka 2022 televisheni ya ITV ikaitoa upya, tamthilia ya sehemu sita. Binti wa dada yangu aliniletea kwenye flashi akiniambia, "Mjomba, ile picha yako imerudi." Nilifurahi kama mtu aliyeambiwa ndugu yake ameonekana. Nikakesha usiku wa kwanza, nikakesha wa pili. Alfajiri ya usiku wa pili nilizima kompyuta nikakaa barazani mpaka adhana.

Kwa nini mtu mzima asononeke kwa ajili ya picha? Mmoja wenu ameniuliza hapo mlangoni. Nitamjibu, lakini njia yangu ni ndefu kidogo, inapitia Ngamiani.

Mwaka 1985, katika barabara za ndani kule Ngamiani, kulikuwa na baharia mwenye televisheni na deki. Wakati huo huku bara hatukuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar walikuwa nacho tangu 1973. Sisi tulingoja mpaka miaka ya tisini. Kwa hiyo sebule ya baharia ndiyo ilikuwa sinema ya mtaa. Alikuwa akirudi safari na kanda za video alizonunua bandari za mbali, kanda yoyote aliyoipata, bila kuchagua. Wakubwa walilipa, wakaingia, wakakaa mkekani. Sisi watoto tusio na senti tulibanana nje, kwenye dirisha la luva. Kila mtoto na upenyo wake. Wangu ulikuwa wa chini kabisa, na mbele yake alikaa mzee mmoja mwenye kanzu. Basi sehemu kubwa ya maisha yangu ya sinema nimeyatazama hivyo: nusu skrini, nusu bega la mzee.

Usiku huo tulikuwa tumekuja kutafuta ngumi. Baharia alikuwa ametangaza mtaa mzima kwamba leo ni jasusi. Tukajua kutakuwa na bastola, magari yanaruka, wanawake wamevaa dhahabu. Kanda ikaingia. Saa ya mezani inalia. Mtu anaamka, na chumba kizima ni ukungu, vitu havina kingo. Mkono unapapasa. Unaikuta miwani. Anaivaa, na dunia inanyooka. Kisha anasaga kahawa.

Steringi ana miwani!

Ninyi vijana hamwezi kujua hilo lilikuwa na uzito gani. Masteringi tuliowajua walikuwa na vifua wazi na macho ya mwewe. Miwani ilikuwa ya makarani na walimu. Ilikuwa ya baba yangu. Baba alikuwa karani wa bohari katika ofisi moja hapa mjini, na mkono mmoja wa miwani yake ulikuwa umefungwa kwa uzi mweusi, ule wa kushonea viatu. Kila asubuhi aliipapasa juu ya stuli kabla hajafungua macho sawasawa. Nilipouona mkono wa yule Mwingereza unapapasa vilevile, niliacha kusukumana na wenzangu.

Halafu jasusi akapika. Sikilizeni vizuri, jasusi akapika! Amemkaribisha mwanamke nyumbani, anamtengenezea kimanda, na kamera iko juu ya bakuli kabisa. Anachukua yai, analivunja kwa mkono mmoja, linateleza ndani. Analichukua la pili, hivyohivyo. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba mikono ile si ya Michael Caine. Ni ya Len Deighton, mwandishi aliyeitoa riwaya yenyewe mwaka 1962, maana Caine hakuweza kuvunja yai kwa mkono mmoja. Deighton alikuwa pia akichora mapishi gazetini, katika The Observer, na ukitazama ukuta wa jiko kwenye picha utaviona vipande hivyo vya gazeti vimebandikwa.

Mama yangu alikuwa akivunja mayai hivyohivyo. Mkono mmoja yai, mkono wa pili umeshika mtoto. Nilidhani ni ufundi wa mama yangu peke yake duniani. Kumbe na majasusi wa London wanao.

Hatukujua Kiingereza, ndugu zangu. Neno moja hatukulielewa. Lakini tulielewa miwani, na kahawa, na mayai, na mfanyakazi anayemchukia bosi wake huku akimwitikia, "Ndiyo, bwana." Mzee wa kanzu aligeuka katikati ya picha akamwambia jirani yake, "Huyu kaajiriwa." Nadhani hakuna mhakiki aliyewahi kuieleza picha ile kwa maneno machache kuliko hayo. Huyu kaajiriwa.

Na ndivyo walivyokusudia. Mtayarishaji wake, Harry Saltzman, ndiye huyohuyo aliyekuwa akitoa picha za James Bond pamoja na mwenzake. Muziki aliutunga John Barry, wa Bond. Mandhari aliyapanga Ken Adam, wa Bond. Aliyeikata na kuiunga ni Peter Hunt, wa Bond. Watu waliokuwa wakijenga makasri ya maadui chini ya milima walikaa wakasema: sasa tufanye kinyume chake. Wakampata kijana wa London ambaye baba yake alikuwa mchukuzi katika soko la samaki la Billingsgate. Hebu fikirini wachukuzi wetu pale Deep Sea alfajiri, maji ya samaki yanawachuruzika shingoni. Huyo ndiye baba wa Michael Caine. Mtoto wa mchukuzi wa samaki akapewa miwani, akapewa kikaango, akaambiwa: wewe ndiye jasusi wa Malkia.

Katika picha ile ujasusi ni ofisi. Kila hatua ina fomu yake. Harry Palmer, ndiye jasusi anayechezwa na Caine, akihamishwa idara anauliza nyongeza ya mshahara, na akiipata anawaza jiko jipya la kuchomea nyama. Kuna mahali yeye na mkubwa wake, Ross, wanakutana dukani, kila mmoja na kitoroli chake, wanazungumza siri za nchi huku wakibishana juu ya kopo la uyoga. Ross anamwambia analipia bure lebo ya Kifaransa. Nchi iko hatarini, na watu wawili wanabishana juu ya bei ya uyoga!

Baba yangu aliandika barua ya kuomba kupandishwa daraja kila mwaka. Aliiandika usiku, kwa taa ya chemli, nakala tatu, na karatasi ya kaboni katikati. Nilikuwa nikimshikia pembe za karatasi zisiteleze. Ofisi ile haikujibu hata mara moja, na siitaji jina lake hapa. Nawaambia tu kwamba nilipokua nikaelewa maneno ya picha ile, nikaelewa kwamba Palmer anaomba nyongeza na kwamba anaiomba kwa heshima yenye meno ndani yake, nilimwona baba yangu amekaa mezani. Hilo ndilo jibu la aliyeniuliza mlangoni. Nilikuwa na picha moja duniani ambamo baba yangu alikuwa steringi.

Sasa tuje kwenye hiyo ya 2022. Nataka kutenda haki. Waigizaji hawana kosa. Joe Cole anayecheza Palmer ni mwigizaji wa kweli. Tom Hollander akiwa Dalby, bosi mpya wa Palmer, ni raha kumtazama, kila neno analitafuna kwanza. Na kuna jambo wamelifanya vizuri kuliko wazee wao: yule mwanamke, Jean. Katika picha ya zamani Jean ni mzuri, anakaa, anavuta sigara, basi. Katika tamthilia, Lucy Boynton amepewa Jean mwenye kazi yake na uamuzi wake. Mmarekani mweusi Maddox, anayechezwa na Ashley Thomas, naye amepewa nafasi ya kuwa mtu. Hayo nayasema kwa moyo mmoja. Wangeishia hapo ningewapigia makofi kutoka hapa Chumbageni.

Lakini wamekuza. Wamekuza, kisha wakakuza tena.

Palmer wa zamani tulijua machache juu yake. Alikuwa sajini, alifanya magendo Berlin, jeshi likamshika kwa hilo. Yaliyobaki tulimsoma usoni. Katika tamthilia ametafutiwa vita vya Korea, ametafutiwa majeraha, kila ukimya wake umetafutiwa sababu. Mtu akinyamaza dakika moja, mara tunapelekwa zamani kuonyeshwa kwa nini amenyamaza. Mnajua inavyokuwa mgeni akija nyumbani na mwenyeji akaanza kumweleza mbele yake: huyu bwana haongei sana, ni kwa sababu alifiwa mwaka fulani? Hata angekuwa na jambo la kusema, amekwisha kufungwa mdomo.

Kisha mambo yakawa makubwa. London haitoshi. Twende Beirut. Twende Pasifiki, kisiwani, bomu la atomiki linalipuka. Hilo nalo halitoshi, basi aingizwe rais wa Marekani, kuwe na njama ya kumuua Kennedy, na karani wetu mwenye miwani awekwe katikati ya njama.

Najua kuna mtu hapa amesoma kitabu, na namwona anatikisa kichwa. Ndiyo, kaka. Lebanoni imo kitabuni. Kisiwa cha majaribio ya bomu kimo kitabuni. Hawakuvibuni. Lakini hebu tulitazame jambo hilo kwa utulivu, maana hapo ndipo penye somo kwenu mnaoandika. Wale wa 1965 walikuwa na kitabu hichohicho mkononi. Walikuwa na Beirut mezani, walikuwa na kisiwa mezani, na mwenye fedha alikuwa yuleyule wa Bond, kwa hiyo msiniambie fedha. Wakavitoa vyote. Wakabaki na ofisi, maktaba, maegesho ya magari na ghala. Mwongozaji wao, Sidney Furie, akabaki na mtu mmoja na mji mmoja wenye baridi. Kukata kule ndiko kulikoifanya picha. Mpishi anajua hili kuliko sisi: mchuzi unapatikana kwa kuchemka mpaka upungue.

Na Kennedy hayumo kitabuni kabisa. Kitabu kilitoka 1962, mwenyewe yu hai. Aliuawa Dallas tarehe 22 Novemba 1963, dunia nzima inajua, na kwa sababu dunia nzima inajua, mtazamaji hashikwi na wasiwasi wowote. Unakaa unatazama jambo ambalo mwisho wake uliusoma darasa la saba. Lakini kopo la uyoga! Nani anajua nani atashinda kwenye kopo la uyoga?

Naomba niwatoe London niwarudishe hapa, mita chache tu kutoka tulipokaa.

Tarehe 2 Novemba 1914, manowari ya Kiingereza iliyoitwa Fox ilifika mbele ya bandari yetu. Nyuma yake zilikuwa zinakuja meli zenye askari wapatao 8,000 kutoka India. Waliokuja kuulinda mji walikuwa kama 1,000. Wale wa baharini walikuwa na meli, walikuwa na mizinga, walikuwa na majenerali. Usiku wa kuamkia tarehe 4, kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alishuka kwenye treni iliyotoka kaskazini, akapanda baiskeli. Simsifu. Alikuwa mkoloni, na wapagazi wetu walikufa kwa maelfu katika vita vyake. Nasema tu alichofanya usiku ule. Alipanda baiskeli akapita katika mji uliohamwa, mitaa hii hii mliyopita jioni ya leo, hakuna mtu, hakuna taa, mpaka karibu na maji. Akasimama akazitazama zile meli. Zilikuwa zimewaka taa kama mji wa sherehe, na kelele za watu zinasikika mpaka ufukweni.

Basi akayajua yote. Kesho yake wale 8,000 walipigwa, na tarehe 5 wakapanda meli zao wakaondoka, wakaacha bunduki na bombomu na risasi mchangani. Watu wanapenda kusimulia nyuki waliowavamia askari vitani, na nyuki walikuwepo kweli. Mimi kila nikipita kule kwenye minazi ya Raskazone naiwaza ile baiskeli. Ukinipa fedha nitengeneze picha juu ya vita vya Tanga, sitaanza na meli. Nitaanza na mnyororo wa baiskeli usiku, na mtu anayeogopa usilie.

Tamthilia ile ilikuja na meli zote, taa zimewaka. Baiskeli hawakuileta.

Nisogee kwenye kamera, na hapa nitakaa kidogo, wenye haraka wanisamehe.

Picha ya 1965 imepigwa kwa namna ambayo wengine waliiita wazimu. Kamera inatazama kutoka nyuma ya kivuli cha taa. Inatazama chini ya kiti, katikati ya vyuma, juu ya bega la mtu. Kuna mapigano kwenye ngazi za Royal Albert Hall, na Furie ameiweka kamera ndani ya kibanda cha simu. Unaona watu wanapigana kupitia vioo vya kibanda, mbali, bila kusikia ngumi vizuri. Mtu anayetaka ngumi atakasirika. Lakini mimi nilikuwa wapi usiku ule? Nilikuwa dirishani! Nilikuwa natazama kupitia upenyo wa luva, na bega la mzee wa kanzu limeziba nusu. Na ndani ya picha kuna bega jingine limeziba nusu. Sikuweza kutambua lipi la Ngamiani na lipi la London. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwaonea wivu waliolipa, maana picha yenyewe ilikuwa inachungulia kama mimi.

Kamera ile inajificha, inaogopa kuonekana. Mtazamaji anafanywa jasusi bila kuambiwa.

Tamthilia nayo imeinamisha kamera. Wameiona picha ya wazee wao, wakachukua ule mwinamo, kila baada ya dakika chache chumba kinalala upande. Lakini hakuna kitu mbele ya kamera. Hakuna bega, hakuna taa, hakuna mlango uliofunguliwa kidogo. Chumba chote kinaonekana, kisafi, kila glasi inang'aa, kila koti limepigwa pasi. Nani anachungulia? Hakuna anayechungulia. Ni sawa na mtu aliyeona mzee anatembea amepinda mgongo akadhani kupinda ndiyo hekima.

Na msumari. Naomba mniwie radhi kwa msumari, maana kila nikiuzungumzia sauti inabadilika.

Katika ile picha ya 1965, Palmer anakamatwa. Anawekwa ndani ya sanduku kubwa, anapigwa kwa mianga na kelele mpaka akili ilegee, apoteze hata jina lake. Wanamwambia yuko Albania. Hana silaha, hana saa, hana miwani. Anaokota msumari. Anauficha kiganjani, na kila kelele zinapoanza anaufinya, ili maumivu yake mwenyewe yawe makubwa kuliko sauti zao. Kamera iko karibu na ngumi, na damu inatoka katikati ya vidole. Hakuna bomu lolote. Ni mkono uliofumbwa tu. Kisha anapofanikiwa kutoroka, anakimbia nje gizani akijua yuko Albania, na kinachopita mbele yake ni basi jekundu la London. Alikuwa nyumbani muda wote.

Mwisho wake siusemi, kuna vijana hapa hawajaiona.

Nilitazama ule msumari nikiwa nimeshika upau wa luva, na nilipoachia kiganja kilikuwa na alama. Nimeona mabomu mengi tangu siku ile. Nimeona miji mizima ikiporomoka kwenye televisheni. Hakuna hata moja lililoniacha na alama mkononi.

Nirudi kwenu, wanangu mnaoandika. Wiki tatu zilizopita kijana mmoja wa hapa aliniletea mswada wa tamthilia ya kijasusi. Nilifurahi sana, maana sisi hatuanzi leo; Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, alitukesha wengi kwa mshumaa. Nikaufungua mswada. Unaanza Ikulu. Kuna helikopta ukurasa wa pili. Ukurasa wa tano kuna bomu bandarini Tanga, na jasusi amesomea Urusi, Uchina na Marekani, anaendesha kila kitu chenye injini. Nikamuuliza, mwanangu, wewe unafanya kazi gani? Akasema ni wakala wa fedha za simu, ana kibanda karibu na stendi. Nikamwambia nieleze siku yako.

Akaanza taratibu. Akasema kuna mzee anakuja kila mwezi, tarehe moja, kabla hajafungua kibanda vizuri. Anatoa laki moja, na palepale anaituma kwenye namba nyingine. Hasemi kitu. Namba ile ina jina la mwanamke. Siku moja mzee amekuja, ametuma, jina likarudi jingine, la mwanamume. Mzee akalisoma lile jina kwenye ujumbe. Akaomba kiti. Akakaa mbele ya kibanda mpaka adhuhuri, simu mkononi, na kijana wangu akawa anahudumia wateja juu ya kichwa chake.

Nikamuuliza, ukafanyaje? Akasema, "Nilijifanya nahesabu noti."

Mnaona? Kijana anajua namba, majina, tarehe, nani anamficha nani. Ana upenyo wake na bega mbele yake. Yeye ndiye jasusi, halafu anakwenda kutafuta helikopta!

Amesema, nami namnukuu kwa kuwa yupo hapa na ameniruhusu, "Mwalimu, bila mambo makubwa watu hawatazami." Nimelifikiria hilo siku nyingi, kwa sababu si hoja ya kupuuza. Bando ni ghali, watu wamechoka, na mtu akipata saa moja ya kutazama anataka aondolewe hapa alipo. Naelewa. Baba yangu naye alichoka. Lakini yule mzee wa kanzu alikuwa amelipa. Alikuwa ametoka kazini, amelipa fedha yake kuona mambo makubwa, na alichogeuka kumwambia jirani hakikuwa bastola. Alisema, huyu kaajiriwa. Na hakuondoka mkekani mpaka kanda ikaisha, wala bega lake halikusogea, najua mimi niliyekuwa nyuma yake.

Basi naona mvua imepungua na kahawa imeletwa tena. Nilikuwa na maneno mengine juu ya muziki wa John Barry, lakini muziki hausimuliwi. Nimekuja na picha yenyewe, ile ya 1965. Hatutaitazama yote, ni karibu saa mbili na kuna wenye watoto nyumbani. Tutatazama mwanzo tu: saa inalia, ukungu, miwani, kahawa. Halafu nitasogeza mbele tuyaone mayai.

Wewe mwenye shuka jeupe, libane vizuri kwenye ukuta, hapo kona linapeperuka. Watoto waje mbele, wakae chini. Walioko dirishani nawaona, msiondoke, mahali penu ni pazuri. Naomba taa izimwe.